Pete Isiyoingia Tena: Historia ya Maradhi Yanayochelewa Kujulikana



Leo hatuna mshono mpya wa kuwaonyesha. Tuna kisa cha daftari letu la vipimo, na historia ya maradhi ambayo tungependa kila bi harusi na kila mke aijue.

Tulimshonea mteja wetu mmoja gauni la harusi, na baada ya hapo akawa anarudi kila Iddi. Iddi ya pili tukampanulia mikono ya gauni. Iddi ya tatu tukapanua tena, na mabega pia. Bangili zake za dhahabu zikawa hazipiti kiganjani, na pete ya ndoa keshaipeleka kwa sonara kukuzwa mara mbili. Viatu vilitoka namba 38 vikafika 41. Sisi tukamtania kuwa ndoa imemkubali. Yeye hakucheka. Alisema kichwa kinamuuma kila siku na usiku anakoroma hadi mumewe anaamka.

Miaka saba baada ya harusi ndipo alipoambiwa ana uvimbe kwenye tezi ya pituitari. Akaja dukani na swali moja: mlianza mwaka gani kunipanulia mikono? Daktari alitaka kujua mabadiliko yalianza lini. Tukafungua daftari. Jibu lilikuwa ndani muda wote, kwa mwandiko wetu wenyewe. Ameturuhusu kusimulia, bila ya jina lake.

Tezi hiyo ni ndogo kama punje ya njegere. Imekaa chini ya ubongo, nyuma ya pua, karibu na mishipa ya macho. Ndiyo inayotoa amri za ukuaji, hedhi, maziwa ya mama na mengine mengi. Ikiota uvimbe, ambao mara nyingi si saratani, amri hizo huharibika. Uvimbe wa mteja wetu ulikuwa unamwaga homoni ya ukuaji katika mwili wa mtu mzima aliyekwisha kukua. Mtu haongezeki urefu tena, lakini mikono, miguu, pua na taya hutanuka kidogo kidogo.

Maradhi haya yana jina tangu mwaka 1886. Daktari Mfaransa, Pierre Marie, ndiye aliyeyaita akromegali, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya ncha za mwili kuwa kubwa. Wagonjwa wawili aliowaeleza katika maandishi yake wote walikuwa wanawake. Mwaka 1907 huko Austria, daktari Hermann Schloffer alifanya upasuaji wa uvimbe wa tezi hii kwa kupitia njia ya pua, bila kupasua fuvu kwa juu. Mwaka 1909 Harvey Cushing wa Marekani naye alimpasua mgonjwa wa akromegali.

Kwa hiyo jina lilikuwepo, na njia ya tiba imeanza kufunguka. Sasa sikilizeni yaliyomkuta Mary Ann Bevan.

Alizaliwa London mwaka 1874, akasomea uuguzi, akaolewa na kujaaliwa watoto wanne. Wanasema alikuwa msichana wa sura nzuri. Baada ya kuolewa uso wake ukaanza kubadilika, taya na pua vikakua, mikono na miguu ikawa mikubwa, kichwa kikimuuma na macho yakififia. Mwaka 1914 mumewe akafariki, akabaki na watoto wanne wa kulisha. Mwanamke aliyekuwa akiwauguza wengine akaishia kuingia shindano la kutafuta mwanamke mwenye sura mbaya kuliko wote, akashinda. Mwaka 1920 akapelekwa Coney Island, New York, akawa anakaa kwenye maonyesho watu wanalipa kiingilio kumtazama na kumcheka. Fedha zile ndizo zilizolea watoto wake.

Mwaka 1927 jarida la Time lilichapisha picha yake kwa kejeli. Cushing, ambaye wakati huo alikuwa daktari wa ubongo mwenye jina kubwa, alipoiona aliliandikia jarida barua. Akaeleza kwamba mama huyu ni mgonjwa, kwamba maradhi yake yana jina, na kwamba haifai kuyafanyia mzaha. Tangu Pierre Marie ayape jina ilikuwa imepita miaka 41. Mary Ann alifariki mwaka 1933. Hata katika miaka ya 2000 picha yake ilitumiwa kwenye kadi ya kuchekesha huko Uingereza, hadi daktari mmoja wa Uholanzi alipolalamika na kadi ikaondolewa.

Tulipoisoma habari hii tulikumbuka utani wetu dukani. Qur'ani, katika Suratul Hujurat, inatukataza kudharauliana, na wanawake tumetajwa hapo peke yetu. Sisi hatukukusudia dharau. Lakini mteja wetu alikuwa anatueleza maumivu, na sisi tukamjibu kwa kicheko.

Akromegali ni sura moja tu ya uvimbe huu. Cushing huyo huyo, katika kitabu chake cha mwaka 1912, alieleza habari za msichana wa miaka 23 aliyenenepa tumbo na uso, akaota nywele usoni na hedhi ikakatika. Mwaka 1932 ndipo alipochapisha maelezo kamili ya kuhusisha hali kama hiyo na uvimbe mdogo sana wa tezi ya pituitari. Miaka 20 ilipita katikati, na aliyekuwa akitafuta ni bingwa mwenyewe. Kwetu bi harusi akinenepa uso baada ya miezi michache tunasema raha za ndoa. Mara nyingi ni kweli. Lakini uso ukiwa duara na mwekundu, tumbo likakua huku mikono na miguu ikikonda, ngozi ikavilia damu kwa kuguswa kidogo na michirizi ya zambarau ikatokea, hizo si raha.

Sura ya tatu ndiyo inayotokea zaidi, nayo inaumiza ndoa nyingi. Uvimbe hutoa prolaktini, homoni ya maziwa. Hedhi inakatika au inaruka miezi, maziwa yanatoka kwa mwanamke asiyenyonyesha, na mimba haiingii. Hadi kufika karibu mwaka 1970 wataalamu walikuwa bado hawajaweza kuitenganisha homoni hii kwa binadamu na ile ya ukuaji. Leo inapimwa kwa damu. Inaweza kupanda kwa sababu nyingine, kama ujauzito au baadhi ya dawa, kwa hiyo daktari ndiye wa kusema. Ikiwa ni uvimbe, mara nyingi vidonge tu huusinyaza, hedhi ikarudi, na wengi hushika mimba. Fikirini wangapi waliitwa tasa, wakaletewa mke mwenza au wakazungushwa kwa waganga, kumbe shida ilikuwa na dawa.

Kwa nini basi inachelewa, hata leo ambapo mgonjwa wa akromegali mara nyingi hukaa miaka mitano hadi kumi kabla ya kujulikana? Kwa sababu mwili unabadilika polepole, na anayekuona kila siku haoni. Kila dalili inapelekwa peke yake: kichwa kwa huyu, presha kwa yule, meno kwa mwingine, na hedhi haisemwi kabisa kwa haya. Hakuna anayeziweka pamoja.

Vitu vya mwanamke huziweka pamoja. Pete, bangili, viatu, vipimo vya fundi na picha za harusi havisahau. Ukienda hospitali, beba picha ya zamani na ya sasa, eleza viatu vimepanda namba ngapi, taja hedhi na maziwa bila kuona haya, na sema kama unajigonga milangoni kwa kutoona pembeni. Uliza kama homoni za pituitari zinaweza kupimwa. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha tutafute dawa.

Mteja wetu alipasuliwa kupitia puani. Kichwa kimetulia, vidole vimepungua uvimbe, ila mifupa iliyokwisha kukua hairudi. Miaka ile ingekuwa mitatu badala ya saba, kingebaki kingi.

Sasa dukani kwetu kila kipimo tunakiandikia tarehe. Mteja akipanda mabega au kiganja bila ya kunenepa, tunamwita pembeni, tunamuonyesha daftari na kumuuliza anajisikiaje. Hatumtanii.

Wapenzi, pete yenu ikigoma kuingia, msikimbilie kwa sonara tu. Allah atujaalie afya njema sote. Amin.