Kitufe cha gemu na kitufe cha mashine ya kusaga: tofauti ni hii

Kwenye Minecraft, mchezaji anatengeneza kitufe chake na kukiunganisha na mlango, taa au mtambo. Waya wake ni unga mwekundu uitwao redstone, unaomwagwa chini kwa mstari.

Mambo ya kujua:

• Kitufe cha jiwe kinatoa ishara kwa sekunde 1 tu, cha mbao sekunde 1.5.
• Ishara inafika bloku 15, halafu inaisha. Ripita inairudishia nguvu.
• Ukitaka mtambo usizime, weka leva.

Sasa nenda kwenye mashine ya kusaga ya umeme, iwe Kasulu au Kibondo. Kwa kawaida ukibonyeza kitufe cha kijani mara moja na kuachia, mota inaendelea. Ndani kuna kontakta inayoshikilia umeme mpaka ubonyeze chekundu.

Umeme ukikatika, kontakta inaachia. Ukirudi, mota haiwaki yenyewe. Hapo ndipo anaponusurika mtu aliyeingiza mkono kusafisha mashine.

Leva haina kinga hiyo. Mashine iliyofungwa swichi ya kawaida tu nayo haina: umeme ukirudi, inawaka palepale. Kabla ya kuigusa, zima swichi kuu.