Woodlawn, 1963–2012: Historia Fupi ya Kliniki na Buriani kwa Wafanyakazi Wake

Mwisho wa Aprili 2012, Jiji la Chicago lilimaliza kufunga vituo sita kati ya 12 vya afya ya akili vilivyokuwa chini yake. Kimoja kati ya hivyo sita ni Woodlawn, upande wa kusini wa jiji, karibu na makutano ya Mtaa wa 63 na Barabara ya Woodlawn. Siku zake za mwisho zimeandikwa sana, kwa sababu polisi waliingia na watu wakakamatwa. Miaka yake ya kwanza nayo imeandikwa sana na wataalamu. Katikati ya ncha hizo mbili ipo miaka zaidi ya arobaini ya watu waliofungua mlango asubuhi, wakaita majina, wakachoma sindano, wakasikiliza, wakafunga mlango jioni. Hao ndio ninaowaandikia kumbukumbu hii, maana ni wao waliotakiwa kuwaaga wagonjwa na kuagana wenyewe kwa wenyewe katika majuma yale yale.

Zamani mkazi wa Chicago aliyeugua akili, kama hakuwa na fedha, alipelekwa mbali. Hospitali ya Manteno, iliyojengwa kilomita 80 hivi kusini mwa jiji na kufunguliwa mwaka 1930, ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 8,000 katikati ya miaka ya 1950. Huo ni mji mzima wa watu waliotengwa na ndugu zao. Wako walioingia vijana wakazeekea humo. Kisha mwaka 1954 dawa ya klopromazini ikaanza kutumika Marekani, na wengi walioonekana hawana matumaini wakaweza kuishi nyumbani, ilimradi awepo mtu wa kuwaangalia, kuwapa dawa na kuzungumza nao. Tarehe 31 Oktoba 1963 Rais John F. Kennedy alitia saini sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili katika jamii. Jambo hilo lilimgusa nyumbani kwao: Rosemary, dada yake aliyemfuata kuzaliwa, alipasuliwa ubongo mwaka 1941 kwa kisingizio cha tiba, na tangu hapo hakuweza tena kujitegemea. Majuma matatu baada ya kutia saini, Kennedy aliuawa.

Woodlawn haikungoja fedha za sheria hiyo. Mwaka huohuo wa 1963, madaktari vijana wa magonjwa ya akili, wakiwemo Sheppard Kellam na Sheldon Schiff, walianzisha kituo hapo wakishirikiana na idara ya afya ya jiji. Mtaa wenyewe ulikuwa umejaa hadi pomoni. Sensa ya 1960 ilihesabu watu zaidi ya 80,000, karibu wote Wamarekani weusi, wengi wakiwa wametoka majimbo ya kusini kutafuta kazi. Miaka 20 kabla ya hapo Mweusi hakuruhusiwa hata kununua nyumba katika sehemu ya mtaa huo. Familia ya mwandishi Lorraine Hansberry ilinunua moja, ikashtakiwa, na kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1940. Baada ya hapo wenye nyumba walizigawa vyumba vidogo vidogo na kupandisha kodi. Kwa hiyo wakazi walikuwa na sababu ya kumtilia shaka kila mgeni aliyekuja na kalamu na karatasi, hasa aliyetoka upande wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambacho wakati huo kilitaka ardhi yao ili kijipanue.

Wakazi hao walikuwa wamejipanga. Chama chao, The Woodlawn Organization, kiliongozwa na Mchungaji Arthur Brazier, na Saul Alinsky alisaidia kukiunda. Madaktari walipokuja hawakukuta watu wa kupangiwa. Walikuta watu wa kukaa nao kitako. Ikaundwa bodi ya wakazi, na madaktari wakaiuliza: kati ya shida zote hizi, tuanze na ipi? Walimu, wachungaji na wazazi wa Woodlawn wakajibu kwamba waanze na watoto wa darasa la kwanza. Kwangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia ya kituo hiki. Daktari aliyesomea hospitali kubwa angeanza na mgonjwa aliyekwisha kuzidiwa. Wenye mtaa walitaka kazi ianzie pale mtoto anapoingia shuleni mara ya kwanza na kukutana na kazi ya kukaa, kusikiliza na kusoma akiwa na wenzake.

Basi watumishi wa kliniki wakaenda madarasani. Kila juma walikaa na mwalimu na watoto, wazazi wakakaribishwa, wakazungumza juu ya mambo yaliyowasumbua darasani humo humo. Walimu waliulizwa juu ya kila mtoto: je, huwa anajitenga kwa haya, je, hugombana, je, huweza kumaliza kazi aliyopewa? Katika mwaka wa masomo wa 1966–67 walihesabiwa watoto 1,242, yaani darasa la kwanza la karibu mtaa mzima. Watafiti, miongoni mwao Margaret Ensminger, waliendelea kuwatafuta watoto hao walipokuwa vijana, kisha watu wazima, hadi wakapita umri wa miaka 40. Iligundulika kuwa wavulana waliokuwa wagomvi darasa la kwanza walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutumia dawa za kulevya ujanani. Matokeo hayo yamebadilisha namna wataalamu wa nchi nyingi wanavyofikiri juu ya kinga ya mapema. Yalitokana na swali lililoulizwa kwa heshima kwa wakazi wa mtaa maskini, na jibu lao likafuatwa.

Utafiti ulipotoka mikononi mwa kliniki, kilichobaki ni kazi ya kila siku, nayo haiandikwi vitabuni. Miaka ya themanini Chicago ilikuwa na vituo vya namna hii karibu 20. Mwaka 1981 serikali ya Rais Ronald Reagan ilifuta mpango wa kuvigharimia moja kwa moja kutoka Washington, fedha zikapunguzwa na kupewa majimbo yaamue yenyewe. Tangu hapo historia ya vituo vya Chicago ni historia ya kupungua: mlango mmoja leo, mwingine baada ya miaka michache, na kila mara wagonjwa wa mlango uliofungwa kuongezwa kwenye foleni ya uliobaki. Woodlawn yenyewe ilipungua pia. Nyumba nyingi ziliungua au zilibomolewa, viwanda vikahama, na sensa ya 2010 ikakuta watu takribani 26,000 tu. Waliobaki ni wale wasio na pa kwenda, na miongoni mwao wamo wanaougua.

Anayetaka kuelewa thamani ya kliniki ya mtaa asianzie chumba cha daktari, aanzie mapokezi. Mhudumu wa mapokezi aliyekaa miaka mingi anajua nani huja nusu saa mapema kwa sababu hawezi kukaa penye watu wengi. Anajua nani akinyamaza leo ni dalili mbaya, na nani akipiga kelele ni hali yake tu. Anajua namba ya simu ya dada wa mgonjwa bila kufungua faili. Muuguzi anayechoma sindano ya mwezi huona mgonjwa amekonda kabla mizani haijasema. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii anajua mwenye nyumba yupi huvumilia kodi ikichelewa. Daktari akibadilishwa, hao watatu humfundisha kazi. Mwenye skizofrenia, ambaye ugonjwa wenyewe humwambia asimwamini mtu, anaweza kuchukua miaka kabla hajakubali kuketi na kusema linalomsumbua. Imani hiyo humwendea mtu anayemjua kwa uso, na faili likihamishwa imani haihami nalo.

Katika bajeti yake ya kwanza, Meya Rahm Emanuel alipendekeza kufunga vituo sita: Woodlawn, Auburn Gresham, Back of the Yards, Beverly-Morgan Park, Northwest na Rogers Park. Hoja ya jiji ilikuwa kwamba vituo sita vilivyobaki vingehudumia vizuri zaidi, kwamba mashirika binafsi yangechukua wagonjwa wengine, na kwamba sheria mpya ya bima ya afya ingewapa wengi kadi ya kutibiwa kwingine. Hoja hizo si za kipuuzi. Lakini kadi ya bima haimpeleki mtu mwenye hofu kwenye mlango asioujua, na akiba iliyopatikana ilikuwa dola milioni chache katika bajeti ya mabilioni. Novemba 2011 baraza la madiwani lilipitisha bajeti hiyo kwa kura 50 kwa sifuri. Katika madiwani 50 hakupatikana hata mmoja wa kusema hapana. Naona hiyo ni aibu, na sioni sababu ya kulainisha neno.

Wagonjwa ndio waliosema hapana. Jioni ya tarehe 12 Aprili 2012, wao na waliowaunga mkono walijifungia ndani ya kliniki ya Woodlawn wakaziba milango. Usiku wa manane polisi walivunja wakaingia, wakakamata watu 23. Siku zilizofuata wenzao walipiga mahema kwenye kiwanja kilichokuwa wazi ng’ambo ya barabara. Walikuwemo watu ambao kwa miaka mingi walikuwa hawawezi hata kupanda basi peke yao. Anayetaka ushahidi kwamba tiba ya pale ilifanya kazi, ni huo. Mmoja wa waliopiga kelele sana dhidi ya mpango huo, mama aliyetibiwa kituo cha Beverly-Morgan Park, alifariki Juni mwaka huohuo kwa ugonjwa wa moyo.

Nirudi kwa wafanyakazi. Katika taaluma ya tiba ya akili, kumaliza ni hatua ya tiba yenyewe. Mgonjwa huandaliwa taratibu: huambiwa mapema, hupewa nafasi ya kukasirika, hutambulishwa kwa mtu atakayempokea, ikiwezekana wote watatu wakae chumba kimoja. Mtu aliyewahi kutupwa na wazazi, au aliyefiwa ghafla, akiachwa bila hatua hizo anaweza kurudi alikotoka. Sasa mfikirie mshauri anayepaswa kuwafanyia hivyo wagonjwa wake wote kwa pamoja, huku naye hajui atapangiwa wapi au kama ana kazi. Mgonjwa analia, na yeye anameza machozi yake, kwa kuwa saa ile si yake. Jioni anakutana na mwenzake kwenye korido, mwenzake aliyemshikia zamu siku alipofiwa, na hawana muda hata wa kukaa kitako.

Kwetu, watu wakiachana baada ya kukaa pamoja muda mrefu, huombana radhi. Pengine nilikukwaza, pengine nilikusema, niwie radhi. Nawe ujibu hivyo hivyo. Wafanyakazi wa kliniki wanahitaji radhi hiyo kuliko wengi, kwa maana wamebebeshana mizigo mizito: mgonjwa aliyejiua na kila mmoja akajiuliza kama angeweza kuona, dawa iliyochelewa, siku ambayo mmoja alichoka akajibu vibaya na mwingine akamfunika. Mambo hayo hayaandikwi kwenye faili la mgonjwa wala la mwajiriwa. Watu wakitawanyika kabla ya kuyasema, kila mmoja huyabeba peke yake.

Wagonjwa wa Woodlawn walielekezwa hasa kituo cha Mid-South, huko Cottage Grove karibu na Mtaa wa 43. Wako waliofika, na wako ambao hawakuonekana tena. Julai 2012 jimbo la Illinois likafunga pia hospitali ya akili ya Tinley Park, iliyohudumia upande huohuo wa kusini. Sherifu wa Kaunti ya Cook, Tom Dart, alikwisha kusema mara nyingi kuwa jela yake imegeuka kuwa moja ya hospitali kubwa kabisa za akili nchini, na mwaka 2015 alimteua mwanasaikolojia, Nneka Jones Tapia, kuisimamia. Upande wa kaskazini-magharibi wakazi walipiga kura kujitoza kodi wenyewe, wakafungua kituo chao, Kedzie Center, mwaka 2014. Mwaka 2024 Meya Brandon Johnson alitangaza kufungua tena kituo cha Roseland, ambacho nacho jiji lilikuwa limeacha kukiendesha. Wale wa mahema hawakupiga kelele bure.

Vituo vikifunguliwa upya vitahitaji watu wanaojua kazi ya mlangoni, na wanaoijua wamestaafu au wanazeeka. Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenzetu waliofanya kazi Woodlawn na vituo vingine vitano, na kwa yeyote aliyefanya kazi ya namna hiyo popote: andikeni. Andikeni ratiba ya siku, majina ya wenzenu, mlichojifunza kwa wagonjwa, mlichokosea na aliyewasamehe. Mpigieni simu yule ambaye hamkupata nafasi ya kumuaga. Na kabla hamjafa, mwachieni mtu mwenye umri mdogo kuliko wenu daftari hilo.