Riwaya ya Kihistoria na Vigae vya Masasi

Katika Makumbusho ya Uingereza jijini London kuna kipande cha jiwe la chokaa chenye maandishi ya wino. Kiliandikwa na karani mmoja wa Misri katika mwaka wa 40 wa utawala wa Farao Ramses II, yaani zaidi ya miaka 3,200 iliyopita. Ni orodha ya mafundi waliokuwa wakichonga makaburi ya wafalme, pamoja na sababu zao za kutofika kazini. Mmoja aliumwa na nge. Mwingine alikuwa akitengeneza pombe. Mwingine alikuwa na maziko nyumbani kwake.

Mwandishi wa riwaya kuhusu Misri ya kale hahitaji zaidi ya hapo ili aanze kazi. Mwenzake anayeandika kuhusu Roma ana shida ya namna nyingine. Robert Graves alipoandika *I, Claudius*, iliyochapishwa mwaka 1934, aliwategemea sana Tacitus na Suetonius, watu wa tabaka la juu walioandika habari za wakubwa wenzao. Kwa hiyo kuna kumbukumbu za ikulu na kuna kumbukumbu za karakana. Utafiti wa mtunzi ni kujua ameshika zipi mkononi, na zipi hazimo.

Nalitafakari jambo hili kila mwanafunzi anaponieleza nia yake ya kuandika riwaya ya kihistoria kuhusu kwao, Masasi au Newala. Nia hiyo ni njema. Lakini mara nyingi sura ya kwanza humfungua mhusika wake, mwaka 1880, chini ya mkorosho, akijiandaa kusafiri kwenda bandari ya Mtwara. Korosho ilitawala uchumi wa kusini katika karne ya 20; katika miaka ile ya 1880 bidhaa iliyowatoa watu wa uwandani kwenda pwani ilikuwa mpira wa mwituni, nao waliupeleka Lindi au Mikindani. Bandari kubwa ya Mtwara ilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Tena mtunzi huyo huweka mto kando ya kijiji cha Newala. Anayeijua Newala anajua kwamba kijiji kiko juu na maji yako chini. Kwa vizazi vingi wanawake waliteremka ukingo wa uwanda na kupanda tena na mitungi vichwani. Masasi nayo haiko juu ya uwanda. Iko magharibi yake, kwenye tambarare yenye majabali makubwa. Anayekosea hapo amekosea saa za kazi za mwanamke, na kwa hiyo amekosea maisha yake yote.

Hata hivyo, mandhari hurekebishika. Ugumu uko kwenye watu.

Mwaka 1876, miaka mitatu baada ya soko la watumwa la Zanzibar kufungwa, Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu aliongoza kundi la wanaume na wanawake waliokombolewa utumwani, wakatoka Lindi kuelekea bara. Nia ilikuwa kuwarudisha karibu na nchi za kwao, upande wa Ziwa Nyasa. Wakasimama Masasi, wakajenga. Mwaka 1882 kijiji hicho kilivamiwa na Wangoni, ambao wenyeji waliwaita Magwangwara. Baadhi ya watu wakachukuliwa mateka, na kituo cha wamisionari kikahamishiwa Newala, kwa Matola, mtawala wa Kiyao.

Hebu tumfikirie mwanamke mmoja tu kati ya mateka hao. Alikwisha kutekwa mara moja, akauzwa, akakombolewa, akaambiwa kuwa yu huru. Sasa anafungwa tena. Wamisionari waliandika barua nyingi kuhusu mkasa ule, na barua zao zimehifadhiwa Oxford. Zinaeleza mazungumzo na viongozi wa Wangoni na wasiwasi wa wazungu wenyewe. Fikra za mwanamke yule hazimo. Hapo ndipo riwaya inapopata haki ya kuzaliwa, na hapo hapo ndipo inapoweza kudanganya.

Vyanzo vingine vipo, na kila kimoja kina mwenyewe. Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig, alifika Masasi na Newala mwaka 1906, wakati moshi wa Maji Maji haujatawanyika. Misheni ya Masasi ilikuwa imechomwa mwaka uliotangulia. Alinasa nyimbo kwa santuri za nta, akapiga picha, akakusanya vinyago. Ni hazina, lakini aliyeimba alikuwa akimwimbia mgeni aliyefuatana na askari. Kwa upande wetu, Padri Yohanna Abdallah aliandika historia ya Wayao kwa Kiyao, ikachapishwa mwaka 1919. Mtafiti asiyesoma Kiyao, Kimakonde wala Kimakua atakuwa amewasikiliza wageni peke yao.

Ebrahim Hussein alituonyesha uaminifu unaohitajika. Katika utangulizi wa *Kinjeketile*, tamthilia iliyotoka mwaka 1969, alieleza wazi kuwa Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu, si nakala ya yule wa historia. Mtunzi ana ruhusa ya kubuni, ila hana ruhusa ya kuficha kwamba amebuni, wala kubuni kwa uvivu mahali ambapo ushahidi ulikuwepo.

Na ushahidi unaendelea kupotea. Hapa nazungumza na nyinyi mnaofanya kazi katika halmashauri. Majalada ya zamani ya mahakama za mwanzo, ya ushuru, ya vyama vya ushirika, na madaftari ya mahudhurio ya shule ndiyo vigae vyetu. Mnapopanga kuyachoma ili kupata nafasi ya samani mpya, waiteni kwanza watu wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Nanyi wanaharakati mnaofika vijijini na fomu za semina, ulizeni pia nyimbo za unyago zilizokuwa zikiimbwa zamani, na njia gani bibi zao waliteremkia kisimani. Mrekodi kwa idhini yao, na nakala ibaki kijijini.

Yule karani wa Misri hakukusudia kuwasaidia watunzi wa riwaya. Alitaka tu kujua nani hakuja kazini. Lakini alimwandika fundi kwa jina, na hakuna aliyelitupa jiwe lile mahali lisipoweza kuonekana tena. Mwanamke wa Masasi wa mwaka 1882 hakupata karani wa namna hiyo. Wajukuu zake wanao, tena wengine wanasoma makala hii wakiwa ofisini.