Kukimbia kati ya mizabibu: njia za Lavaux nchini Uswisi

Lavaux ni ukanda wa mashamba ya mizabibu kusini-magharibi mwa Uswisi, kwenye ufuo wa kaskazini wa Ziwa Geneva. Unaanzia pembezoni mwa mji wa Lausanne na kufuata ziwa kuelekea mashariki kwa kilomita 30 hivi, hadi karibu na ngome ya kale ya Chillon. Chini kuna maji, na ng'ambo ya maji ni milima ya Alps. Nyuma ya vijiji mlima unapanda ghafla, umekatwa ngazi juu ya ngazi, na kila ngazi imeshikiliwa na ukuta wa mawe. Katikati ya kuta hizo zinapita njia nyembamba ambazo wakimbiaji na watembeaji kutoka nchi nyingi huzifuata.

Msikilizaji wa Lushoto, Machakos au Kabale anajua matuta ya ngazi ni nini na yanaletea mgongo maumivu gani. Yale ya Lavaux yalianza kujengwa karne ya 11, wakati watawa wa Kibenedikto na Kisisterisia walipokuwa wakimiliki ardhi ile. Kuta zake zikiunganishwa zinafika mamia ya kilomita. Mwaka 2007, UNESCO iliiingiza Lavaux katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kuta hizo zina kazi zaidi ya kuzuia udongo. Wenyeji husema zabibu zao huivishwa na majua matatu: la kwanza ni jua la angani, la pili ni mwanga unaorudishwa na ziwa, na la tatu ni joto ambalo mawe hulihifadhi mchana na kulitoa usiku. Mkulima hulifurahia joto hilo. Mkimbiaji wa mchana wa Julai hulilipia, kwa sababu vivuli ni vichache na ukuta ulio ubavuni mwake unachoma kama jiko.

Njia yenyewe

Njia inayojulikana zaidi ni ile inayounganisha mji mdogo wa Lutry na kijiji cha Saint-Saphorin, takriban kilomita 11. Ukianzia Lutry, ziwa linabaki mkono wako wa kulia muda wote. Njia inapita karibu na vijiji vya Riex, Epesses na Rivaz, ambavyo nyumba zake zimebanana ili zisile ardhi ya shamba. Kati ya Epesses na Rivaz unafika Dézaley, mteremko mkali unaotoa mvinyo wenye sifa kubwa kuliko mingine ya eneo lile. Hapo ndipo macho yanapotaka kutazama ziwa na miguu inapotaka macho yatazame chini.

Vibao vya njia za miguu nchini Uswisi ni vya rangi ya njano, na vingi havikuambii kilomita. Vinakuambia muda wa kutembea. Kwa Lutry hadi Saint-Saphorin, muda huo ni saa tatu na kidogo. Mtu aliyezoea kukimbia milimani anaweza kuumaliza kwa nusu ya muda huo, lakini asijipime kwa saa yake ya barabara tambarare. Uso wa ziwa uko mita 372 juu ya usawa wa bahari na kijiji cha Chexbres kiko karibu mita 200 juu ya ziwa, kwa hiyo kila unapobadilisha ngazi unapanda au unashuka kwa nguvu.

Asiyetaka milima anaweza kubaki chini, kwenye barabara ya kando ya ziwa. Kwa miaka mingi mbio za Lausanne Marathon, zinazofanyika mwezi Oktoba, zimeitumia barabara hiyo kutoka Lausanne hadi La Tour-de-Peilz na kurudi. Wakenya na Waethiopia wameshinda mbio hizo mara nyingi. Anayetaka kuteseka zaidi apande juu ya mizabibu hadi mnara wa Gourze, uliobaki kutoka zama za kati, zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari. Kule juu mizabibu imekwisha. Ni malisho na misitu.

Mteremko ndio unaoumiza

Wengi huogopa kupanda, na kweli kupanda kunachosha mapafu. Kinachomlaza mtu kitandani kesho yake ni kushuka. Unaposhuka, misuli ya mbele ya mapaja hufanya kazi ya breki: inavutwa irefuke huku imebeba uzito wa mwili wote. Nyuzi zake huchanika kidogo kidogo, na maumivu huzidi siku ya pili kuliko ya kwanza. Njia nyingi za Lavaux zimewekewa zege ili trekta ndogo zipite, na zege haisamehi goti.

Dawa ni kupunguza urefu wa hatua, kuacha magoti yakunjike kidogo, na kutoegemeza mwili nyuma kama anayevuta ng'ombe mkaidi. Mwinuko ukiwa mkali sana, tembea. Kwenye ngazi za mawe anayetembea kwa hatua kubwa mara nyingi hapitwi na anayekimbia. Misuli hujifunza. Anayeshuka taratibu mara moja kwa wiki, kilima chochote kile, maumivu yake hupungua kila mara, na ushauri huu unafaa Njombe au Iten kama unavyofaa Uswisi.

Kuhusu mvinyo: vijijini kuna vyumba vya kuonjea, na mvinyo wa pale, ambao kwa sehemu kubwa ni mweupe wa zabibu aina ya Chasselas, hauonekani sana ng'ambo kwa sababu Waswisi wenyewe huunywa karibu wote. Pombe hulegeza mizani ya mwili na kukausha maji. Aonjaye aonje akishamaliza kukimbia.

Ardhi ya nani?

Njia hizi hazikujengwa kwa ajili ya michezo. Ni njia za kazi. Mlima ni mkali mno kwa mashine kubwa, hivyo sehemu kubwa ya kazi hufanywa kwa mikono, na mahali pengine mavuno hubebwa na vitoroli vinavyopanda kwenye reli moja nyembamba katikati ya mizabibu. Katika karne ya 20, ardhi yenye mandhari kama hiyo, jirani na mji, ilianza kutamaniwa na wajenzi wa nyumba. Mwanaharakati wa mazingira Franz Weber aliongoza kampeni ya kuizuia, na mwaka 1977 wapiga kura wa jimbo la Vaud waliunga mkono ulinzi wa Lavaux. Bila kura hiyo, mkimbiaji wa leo huenda angekuwa anapita kati ya mageti ya watu.

Jambo halikuishia hapo. Mwaka 2014 Weber alirudi na pendekezo kali zaidi, na safari hii wakulima wengi wa zabibu walilipinga. Hoja yao ilikuwa kwamba ardhi ikifungwa kabisa, hata banda au ghala jipya litakuwa vita, na shamba litageuka picha ya kutazamwa. Wapiga kura walilikataa pendekezo hilo na kukubali mpango wa serikali ya jimbo uliokuwa na masharti mepesi zaidi. Kwa maoni yetu wakulima walikuwa na hoja: ukuta ukiporomoka baada ya mvua, anayeamka kuutengeneza ni mkulima, na wengi wanaopita hapo kwa viatu vya mbio hawanunui hata chupa moja.

Ndiyo maana adabu za njia zinachukuliwa kwa uzito. Trekta ikija, mkimbiaji husimama pembeni. Haruki kuta kutafuta njia ya mkato, kwa sababu jiwe moja likitoka hufungulia mengine. Hachumi zabibu. Akikuta dawa inapulizwa, anageuza njia. Wakati wa mavuno, kati ya Septemba na Oktoba, njia hujaa makreti na watu, na ni vyema kukimbia alfajiri au kubaki chini kando ya ziwa.

Miguu ikigoma katikati ya safari, hakuna haja ya kurudi kwa kuchechemea. Reli inafuata ufuo, na Lutry, Cully, Epesses, Rivaz na Saint-Saphorin zote zina stesheni. Treni nyingine ndogo hupanda kutoka Vevey, ikipita Chexbres katikati ya mashamba hadi Puidoux. Wakimbiaji wengi hukimbia upande mmoja tu na kurudi kwa treni, wakikaa dirisha la upande wa ziwa.