Upagazi wa Kumbukumbu: Kuganda kwa Kompyuta na Njia ya Bisie

Dar es Salaam watu husema kompyuta "imeganda". Goma na Masisi, ambako msamiati wa mashine umeingia kwa mlango wa Kifaransa, aghalabu husikika kwamba mashini "imebloke". Vitenzi hivi viwili vimetoka mbali, lakini picha yake ni moja: kitu kilichokuwa kikienda sasa kimetulia, kama mafuta ya mawese ya Walikale yanapofikishwa kwenye baridi ya milima ya Masisi. Kwa hitilafu kadhaa picha hiyo yafaa. Kwa ile iliyo ya kawaida, yaani kuganda kunakoletwa na uhaba wa kumbukumbu, picha hiyo yapotosha. Kishale hakisogei na herufi hazitokei, ni kweli. Lakini taa ya diski yamulika bila kupumzika, na ndani ya mashine mna shughuli kuliko wakati mwingine wowote. Historia ya ugonjwa huu yaanza na dawa iliyobuniwa kuuponya ugonjwa mwingine.

Tarehe 7 Desemba 1962 Chuo Kikuu cha Manchester kilizindua kompyuta iliyoitwa Atlas, kazi ya kundi lililoongozwa na Tom Kilburn. Kumbukumbu ya haraka siku hizo ilifumwa kwa vipete vidogo vya sumaku, nayo ilikuwa ghali mno. Atlas ya Manchester ilikuwa na nafasi ya maneno 16,384 tu ya namna hiyo, na nyuma yake ngoma za sumaku zizungukazo, zenye nafasi mara sita lakini za polepole. Hadi wakati huo mtunzi wa programu alilazimika kupanga mwenyewe kipi kikae mbele na kipi kirudishwe ghalani. Kilburn na wenzake waliigawa kumbukumbu katika kurasa za maneno 512 kila moja, wakaiachia mashine iamue. Ukurasa uliohitajika uliletwa kutoka ngomani. Uliodhaniwa kwamba hautahitajika karibuni ulipelekwa huko. Mtunzi alijiona kana kwamba ana kumbukumbu moja, pana, isiyo na pengo. Ulikuwa udanganyifu wa heri, na kompyuta karibu zote za leo zaishi kwa udanganyifu huo.

Miaka sita baadaye, mwaka 1968, Mmarekani Peter Denning alieleza kwa nini mashine za mtindo huu zilikuwa zikizidiwa ghafla. Kila programu, alionyesha, ina fungu la kurasa inazozitumia kwa pamoja katika kipindi fulani. Mafungu yote yakienea katika kumbukumbu, kazi huenda vizuri. Yakizidi nafasi, hata kwa kiasi kidogo, kila programu humnyang'anya jirani yake ukurasa ambao jirani atauhitaji mara moja, na jirani naye hulipiza. Kazi haipungui hatua kwa hatua, bali huporomoka. Sababu ni umbali. Kumbukumbu hujibu kwa muda wa karibu nanosekunde 100. Diski ya kuzunguka huhitaji milisekunde zipatazo 10, yaani mara 100,000 zaidi. Lau kuchukua kitu mezani kungehitaji dakika moja, kukifuata ghalani kungehitaji zaidi ya miezi miwili.

Msomaji wa Walikale hahitaji mfano wa Manchester. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kilima cha Bisie kilipoanza kuchimbwa kasiterita, mawe yote yalitoka huko mgongoni mwa watu. Gunia la kilo 50 lilipita msituni kwa mwendo wa siku mbili hivi hadi Njingala, karibu na barabara. Kutoka hapo mzigo ulifika Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara yenyewe, ukaruka hadi Goma. Chumvi, maharagwe, bia, sabuni, vyote vilipanda kilimani kwa njia ile ile na kwa migongo ile ile, na bei zake kule juu zilikuwa bei za migongo hiyo. Basi na tuwaze kilima ambacho jiko lake ni dogo kiasi kwamba mpishi akitaka chumvi sharti kwanza arudishe gunia la maharagwe Njingala ili apate nafasi. Na chumvi ikifika, ahitaji maharagwe. Njia itajaa wapagazi wanaokwenda na wanaorudi. Hapana hata mmoja aliyekaa bure, na hapana chungu kilichoiva.

Huo ndio ugonjwa wenyewe. Uliingia katika kompyuta ndogo za mezani pamoja na uwezo wenyewe. Prosesa ya Intel 80386 ya mwaka 1985 iliweza kugawa kumbukumbu katika kurasa, Windows 3.0 ya mwaka 1990 iliutumia uwezo huo kuazima nafasi ya diski. Linux iliupata Januari 1992, kwa sababu mtumiaji mmoja wa Ujerumani alikuwa na megabaiti 2 tu na hakuweza kuijenga programu hiyo katika mashine yake. Dawa ilitolewa kwa ajili ya maskini wa kumbukumbu. Ikumbukwe hivyo.

Baada ya hapo kumbukumbu ilishuka bei, na programu zikanenepa kwa kadiri ile ile. Sehemu ya unene huo imepita mikononi mwa watu wa wilaya hizi mbili. Bati litokalo katika kasiterita hulehemu vipande vya kumbukumbu kwenye bodi zake. Tantalumu itokayo katika koltani ya Rubaya, Masisi, hutengenezewa kapasita ndogo zinazotuliza umeme wa mashine. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya tantalumu ilipanda mno, na wengi wakaacha mashamba kwa ajili ya machimbo. Novemba ya mwaka huo waasi wa RCD walikabidhi ununuzi wote wa koltani kwa kampuni moja, SOMIGL. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Mnamo Septemba 2010 serikali ilisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011. Bisie ilipata mgodi wa viwanda uliouza bati tangu mwaka 2019, nao ulifungwa kwa wiki chache Machi 2025 vita vilipofika Walikale. Rubaya ilitwaliwa na M23 tarehe 30 Aprili 2024.

Kompyuta irudiyo Masisi ikiwa imekwisha tumika kwingine huwa na kumbukumbu ya enzi iliyopita na hudaiwa programu za leo. Hapo karani wa zahanati au wa shule, ambaye umeme wake ni wa paneli ya jua na betri iliyochoka, huona mashine "imebloke", hungoja, kisha huizima kwa nguvu. Rejista ya asubuhi nzima hupotea pamoja nayo. Wataalamu wamekuja kukiri kosa hilo: Fedora ya mwaka 2020 ilianza kuweka programu ya ulinzi iuayo kazi moja nzito kabla mashine nzima haijazidiwa. Ni ukatili, lakini ni heri kivinjari kimoja kife kuliko rejista.

Kwa upande wa istilahi, "kubadilishana" ni neno dhaifu kwa jambo hili, kwani ladokeza mapatano ya pande mbili. Kiswahili kina neno la kale la misafara, nalo ni upagazi. Aambiwaye kwamba mashine yake imeganda huketi akingoja iyeyuke. Aambiwaye kwamba imezidiwa na upagazi huuliza ni mizigo ipi iliyo njiani, naye hufunga madirisha mawili au matatu, huiacha taa ya diski itulie, ndipo huhifadhi rejista yake.