Maktaba Iliyobisha Hodi kwa Wasioona

Nilipokuwa mchungaji kijana usharikani, kabla sijaja kufundisha chuoni, tulipokea maboksi mawili ya vitabu vya nyimbo. Baada ya ibada nikavigawa mwenyewe, benchi kwa benchi. Nilipofika kwa bibi mmoja asiyeona, nikampita. Akasema, "Mchungaji, mbona mimi umenipita?" Nikamjibu kwa upole, nikidhani nimejibu vema: "Bibi, wewe utasikia wenzako wakiimba." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nitasikia wanachokichagua wao."

Neno hilo limenifuata kwa miaka mingi. Lilinirudia niliposoma jinsi Maktaba ya Bunge la Marekani, iliyoko Washington, ilivyowahudumia wasomaji wasioona kati ya vita kuu mbili za dunia.

Maktaba hiyo haikuwasahau kabisa hapo mwanzo. Mwaka 1897, ilipohamia jengo lake jipya, ilitenga chumba kwa ajili yao, chenye vitabu na maandishi ya muziki ya kugusa yapatayo 500 kwa jumla. Wema huo ulikuwa wa kweli, lakini uliwangoja watu mlangoni. Asiyeona aliyeishi mbali na mji mkuu angefikaje? Tangu mwaka 1904 posta ilibeba vitabu vya nukta nundu bila malipo, hata hivyo vitabu vyenyewe vilikuwa vichache, vinene na vya gharama kubwa. Tena mifumo ya nukta ilikuwa zaidi ya mmoja, na aliyejifunza mmoja alishindwa kusoma mwingine. Ilipofika mwaka 1932 ndipo Marekani na Uingereza zilipokubaliana juu ya mfumo mmoja wa nukta nundu kwa lugha ya Kiingereza.

Badiliko kubwa lilikuja tarehe 3 Machi 1931. Rais Herbert Hoover alitia sahihi sheria iliyopelekwa bungeni na Bi. Ruth Pratt wa New York na Seneta Reed Smoot wa Utah. Sheria hiyo ilitenga dola 100,000 kila mwaka ili Maktaba ya Bunge iwapatie vitabu watu wazima wasioona nchi nzima. Maktaba 18 za sehemu mbalimbali ziliteuliwa kuwa vituo vya kuvisambaza. Sasa msomaji alikaa nyumbani, akaandika kuomba kitabu, na posta ikakileta mlangoni kwake. Maktaba ndiyo iliyobisha hodi.

Hata hivyo wengi walibaki nje. Mtu aliyepofuka uzeeni, au ambaye vidole vyake vilikuwa vigumu kwa kazi za maisha yote, hakujifunza nukta nundu kwa urahisi. Kwa ajili ya hao, Shirika la Marekani la Wasioona lilitengeneza santuri za kusomea vitabu. Santuri ya kawaida ya siku zile ilicheza dakika chache tu kila upande. Hizi zilizunguka polepole zaidi, na kila upande ulisoma kwa muda wa karibu robo saa. Mwaka 1933 sheria iliruhusu fedha za maktaba zitumike kuzinunua, na mwaka 1934 santuri za kwanza zikawafikia wasomaji. Miongoni mwake zilikuwemo Injili nne, Zaburi, Katiba ya Marekani na tamthilia za Shakespeare. Sisi tuliolelewa na mafundisho ya Paulo kwamba imani ina njia yake kupitia masikio hatuwezi kulisoma jambo hili bila kufurahi.

Lakini santuri bila mashine ya kuichezea ni sahani tu, na mashine ilihitaji fedha. Hapo pakazuka swali zito. Miaka ile mamilioni ya Wamarekani hawakuwa na kazi. Helen Keller, mwenyewe asiyeona wala kusikia, na mtetezi mkubwa wa wasioona, alikataa mwanzoni kuchangisha fedha za mashine hizo. Aliona ni anasa wakati watu wanalala njaa. Ndugu msomaji, usimlaumu upesi. Hata sisi, kwenye vikao vya baraza la wazee, tumesikia hoja hiyo: kwanza chakula, vitabu baadaye. Ni hoja ya mtu mwenye huruma.

Baadaye Keller alibadili msimamo, akalitumia jina lake kuombea kazi hiyo. Na kuanzia mwaka 1935 serikali ya Rais Roosevelt iliwaajiri watu wasio na kazi, baadhi yao wasioona, kuzitengeneza mashine. Hadi mwaka 1942 zilikuwa zimetengenezwa karibu 23,000, zikaazimwa bure kwa wasomaji. Kazi ile ile iliyomletea kipofu kitabu ilimletea mwingine ugali. Bwana wetu alipojibu kule jangwani juu ya mkate na Neno, hakuvishindanisha viwili hivyo. Sisi ndio tunaovishindanisha, hasa pale anayekosa Neno anapokuwa mtu mwingine.

Nisiipambe historia hii kupita kiasi. Sheria ya mwaka 1931 iliwaacha watoto nje, nao walingoja hadi mwaka 1952. Hata aliyefungua mlango anaweza kuwa na mtu aliyemwacha uani.

Kanisa letu limeendesha shule ya wasioona kule Irente, Lushoto, kwa miaka mingi. Tunawafundisha watoto kusoma kwa vidole. Je, wakirudi sharikani mwao wanakuta nini cha kusoma? Ni sharika ngapi zenye hata Zaburi za nukta nundu, au zilizomrekodia mzee wake masomo ya Jumapili kwenye simu, ambayo leo karibu kila nyumba inayo?

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa yule bibi kabla ya kengele ya pili, nikamwomba achague wimbo wa kuanzia. Akauliza, "Na wa mwisho?" Nikamwambia, "Na wa mwisho pia, Bibi." Kitabu cha kumpa bado sikuwa nacho, na hilo ni deni ambalo sikulilipa kabla hajafa.