Kiswahili cha Katanga (katika isimu)

Kiswahili cha Katanga ni lahaja ya Kiswahili inayozungumzwa Kolwezi, Likasi, Lubumbashi na miji mingine ya ukanda wa shaba, kusini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Chimbuko. Lahaja hii ilikua kambini mwa wafanyakazi wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya madini iliyoundwa mwaka 1906. Wachimbaji walitoka Kasai, Rwanda, Burundi na kwingineko, kila mmoja na lugha ya kwao; Kiswahili kikawaunganisha.

Sifa. Kiambishi *wa-* huwa *ba-*, na *m-* huwa *mu-*: watoto ni *batoto*, mtu ni *muntu*. Udogo huonyeshwa kwa *ka-* na *tu-*. *Batoto banaenda ku masomo* maana yake watoto wanakwenda shuleni. Mzungumzaji husema pia *niko mwalimu* pale Mtanzania angesema *mimi ni mwalimu*. Maneno ya Kifaransa ni mengi.

Utafiti. Edgar Polomé, aliyefundisha chuo kikuu cha Elisabethville (leo Lubumbashi), alikuwa miongoni mwa wanaisimu wa kwanza kuieleza lahaja hii. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyetafiti Kolwezi miaka ya 1960 kuhusu Jamaa, vuguvugu la kidini la Wakatoliki, alichapisha mwaka 1986 kitabu kuhusu lugha na utawala wa kikoloni. Walter Schicho alichambua sintaksia ya Kiswahili cha Lubumbashi.

Hadhi. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini Kongo. Lugha rasmi ni Kifaransa.